Pigo Nililoliona

Komredi Tunu, mpiganaji mwenzangu, mwenyekiti wa maisha wa jikoni kwetu na mjumbe pekee wa mkutano huu:

Najua umekwisha kuvuta uso. Mama anahutubia tena. Nivumilie, mwanangu. Tangu nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja sijapata njia nyingine ya kufungua neno zito. Nimewaita makomredi wanafunzi waliofurika ukumbini, wapishi na wafagizi waliokusanyika kwenye ngazi za maktaba, hata wazee ninaowaogesha kazini asubuhi, ambao hunijibu kwa kuagiza chai. Leo ninalitamka jina hilo kwa woga, kwa sababu komredi ni mtu usiyemwacha peke yake uwanjani, nami nilikuacha.

Umekwenda Woodbridge kumuaga shangazi yako Rehema, na kwa ninavyomjua wifi yangu hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Kesho Alhamisi asubuhi utapanda ndege kwenda chuoni Minnesota. Habari za koti, za dawa na za kadi ya bima ziko kwenye karatasi niliyoibandika kwenye friji, usizitafute humu. Humu mna jambo moja: Jumamosi ile ya mwezi wa tano, kule Greenbelt, ulipompiga Bwana Desmond, kiongozi wetu, pigo safi la fimbo mchezoni, naye akalikana, nami nikanyamaza. Tangu siku ile hatujaligusa. Tumezungumza habari za sahani, za nguo za kufua, za ratiba ya basi. Nimekuuliza kwa Kiswahili, umenijibu kwa Kiingereza cha neno moja moja, nami nimejifanya sijui sababu. Iko sehemu ya habari hiyo ambayo huijui. Usiondoke bila kuijua.

Kosa langu lina historia, basi nianze mbali kidogo.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikuwa tunazunguka ziwa la Greenbelt tukasikia, nyuma ya miti, sauti kama ya sufuria zinazogombana. Tukakuta watu wamevaa kofia za chuma, wameshika ngao, wanapigana kwa fimbo za henzirani zilizoviringishwa tepu. Nikashika kiuno. Unakumbuka nilivyowahutubia bila wao kunisikia? "Tazama wajukuu wa makabaila," nilikuambia. "Babu zao walipanda farasi juu ya migongo ya wakulima, na wajukuu wanawalilia farasi!" Wewe hukucheka. Ulininyooshea kidole mpiganaji aliyekuwa amemwangusha jitu la mtu. Alikuwa anavua kofia, na ndani yake akatoka bibi mwenye mvi zilizoloa jasho. Ukasema, kwa Kiswahili, "Nataka." Hukuwa ukiomba kitu kwa Kiswahili isipokuwa unakitaka kwa moyo wote.

Papa Selestini ndiye aliyetusikia. Hatukumjua wakati huo. Hatukujua kwamba ni mtu wa Lubumbashi, kwamba anaendesha mashine ya kunyanyua mizigo kwenye ghala lililo karibu na kwetu Hyattsville, wala kwamba dirisha lake linatazamana na letu. Alikuja na kofia yake kwapani.

"Kuya hapa, mama! Mutoto anataka, mama anaogopa?"

"Siogopi. Nashangaa."

"Basi, kuya ushangae ndani ya kofia."

Hivyo ndivyo mwanamapinduzi mstaafu alivyoingia katika Udugu wa Ngao Nyeupe: kwa kuchokozwa. Tulijitengenezea deraya za kukinga kifua kwa pipa la plastiki la buluu, tukalikata sakafuni sebuleni, na jirani yetu Mama Wanjiru akagonga mlango kuuliza kama tunamchinja mtu. Kila Jumamosi tulipakia mavazi yetu katika mifuko ya kufulia tukapanda basi. Nilijiambia kwamba nakusindikiza tu. Nilikuwa najidanganya kuanzia wiki ya tatu.

Kilichoninasa ni ile kanuni yao moja. Pale hakuna refa wa kuhesabu mapigo. Anayepigwa ndiye anayetangaza kwamba amepigwa. Asema "Limefika," apige goti, basi. Hata kama hakuna aliyeona, hata kama aliyepiga mwenyewe hana hakika, hata kama kusema kunamnyima ushindi alioungoja mwaka mzima. Na kwa kuwa ni mwili wake, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuusemea.

Mwezi wetu wa tatu pale, Papa Selestini alinigusa ubavuni kwa fimbo. Aligusa tu, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwa mgonjwa. Akarudi nyuma hatua moja, akangoja. Hakuuliza. Kule hawaulizi. Wewe ulikuwa umeinama unafunga kamba za viatu, na wengine walikuwa wanakunywa maji. Dunia nzima haikujua. Nikasema, "Limefika," nikapiga goti, na macho yakanijaa. Ukaja mbio kuniuliza nina nini, nikakuambia ni jasho.

Halikuwa jasho. Sasa nakueleza.

Unajua kwamba nilifukuzwa chuo nyumbani kwa sababu ya mgomo. Nimekusimulia mara nyingi, na mara zote nimesimulia sehemu yenye ngoma. Sikukusimulia mlango. Kamati yetu ilikuwa ya watu saba, mimi mwanamke pekee. Mabweni hayakuwa na maji, tukaandika waraka, tukalala barabarani mbele ya ofisi ya utawala, tukaapa wote saba kwamba tutakapoitwa mbele ya baraza la nidhamu kila mmoja atasema, "Nilikuwapo." Tuliitwa mmoja mmoja. Mlango wa chumba kile ulikuwa wa mbao nyembamba kama karatasi, na benchi la kungojea liliegemea hapo hapo. Wa kwanza kuingia alikuwa Hamisi, aliyenifundisha namna ya kusimama mbele ya kipaza sauti bila kutetemeka magoti. Nikaisikia sauti yake, ile ile iliyokuwa ikitikisa ukumbi, imekuwa ndogo kama ya mtu aliyeshikwa na mafua: "Sikuwapo." Wa pili, "Sikuwapo." Nikawasikiliza sita. Nilipoingia nikasema, "Nilikuwapo," na chuo kizima kikawa kimegomewa na msichana mmoja.

Wiki iliyofuata nilikutana na Hamisi kwenye korido, mimi nikiwa na sanduku langu. Alinishika bega. "Komredi," aliniambia, "elewa hali."

Niliondoka na maneno hayo mawili kama mtu aliyemeza mfupa. Nimevuka nayo bahari. Nimezaa nayo. Baba yako alipoamua kurudi Morogoro, nilimsikiliza nikingoja tu ayaseme, naye, kwa hisani yake, hakuyasema. Sasa fikiri: mwanamke wa namna hiyo anasimama kwenye nyasi za Maryland, anamwona daktari wa meno, dereva wa basi na fundi wa bomba wakisema mmoja baada ya mwingine, bila shahidi, bila kulazimishwa, dhidi ya nafsi zao wenyewe, "Limefika." Nilikuwa nimekutana na watu sita ambao wasingesema "Sikuwapo." Nilikuwa nimefika kwetu.

Nao hawakuwa watu wa fimbo peke yake. Unajua, maana ulikuwamo. Waliapa kuishi kiungwana katika karne hii yenye kelele: kumbeba asiyeweza kutembea, kusimama na mtu aliyeitwa mahakamani peke yake, kutomdhihaki uliyemshinda. Mwisho wa kila mazoezi tulikaa duara juu ya nyasi, na kila mmoja akasema kosa lake la wiki. Mema yalikatazwa kutajwa. Nilipoulizwa kwa lugha yetu uungwana ni nini, niliwapa somo ambalo hawakulitarajia: kwamba kwa wahenga wetu wa pwani muungwana alikuwa mtu asiye mtumwa, na mara nyingi aliyebebewa mizigo na watumwa, kwamba neno hili zuri lina damu kwenye upindo. Wengine walitazama chini. Bwana Desmond peke yake ndiye aliyenitazama. "Basi hapa," alisema, "tujenge uungwana ambao kila mtu anabeba mzigo wake na wa mwenzake." Nikamwamini. Kwa sentensi hiyo ningemfuata popote.

Ninataka kumtendea haki hata leo, ndiyo maana ninaandika haya huku nimeuma meno. Mwalimu mstaafu wa hesabu yule ndiye aliyekaa kwenye meza hii ninayoandikia akakufundisha aljebra mpaka ukaacha kuiogopa. Nilipofanyiwa upasuaji wa goti, alinipeleka kliniki na kunirudisha mpaka nikaweza kutembea, na hakuna Jumamosi aliyoutaja wema huo. Alikuwa anapiga magoti yake ya uzee kukufunga kamba za deraya, akikuambia, "Nyoosha mgongo, Bibi Tunu, wewe si mgeni hapa." Ulimpenda. Usione haya kwamba ulimpenda. Nasi tuliosalitiwa hatusalitiwi na watu wabaya, maana hao hatuwapi mgongo.

Siku yenyewe unaijua kuliko mimi, ila niisimulie, kwa sababu hujapata kuisikia kutoka kinywani mwangu.

Ulikuwa umebeba ngao nyeupe isiyo na alama kwa miaka sita. Anayetaka kuvikwa mshipi mwekundu na kuchora alama yake, kama nilivyovikwa mimi kabla yako, hupigana na wakubwa watatu; akimpata hata mmoja kwa pigo safi, anavikwa siku hiyo hiyo; asipompata, angoje mwaka. Wewe hukuwa na mwaka wa kungoja, ulikuwa unaondoka. Wawili wa kwanza walikushinda. Wa tatu alikuwa Desmond, kiongozi wetu. Na kando ya uwanja walikaa wageni, kundi kutoka Virginia lililokuja kupima kama lijiunge nasi chini yake. Mimi nilishika bendera ya njano. Kazi ya mwenye bendera ni usalama tu: mtu akiumia, akidondosha kofia, anasimamisha. Nilisimama hatua saba kutoka kwenu, upande wa kulia wa Desmond. Papa Selestini alikuwa nyuma yake, hakuweza kuona kitu zaidi ya mgongo.

Ulijifanya unapiga chini. Akateremsha ngao. Ukageuza kiwiko, namna niliyokuona ukiijaribu mbele ya kioo cha bafuni, na fimbo yako ikatua juu ya sikio lake. Kofia ililia kama mlango wa gari unaofungwa. Tunu, lilikuwa pigo zuri kuliko yote niliyoyaona kwenye uwanja ule. Ukarudi nyuma hatua moja, ukangoja, kama ulivyofundishwa. Na aliyekufundisha kungoja ni yeye.

Alisimama. Niliona kifua chake kikipanda na kushuka. Kisha akasema, "Endelea."

Hukuendelea. Uligeuza kofia yako upande wangu. Kwa zile nondo za usoni sikuyaona macho yako, na nilishukuru kwamba siyaoni. Nikaitazama bendera. Ilikuwa bendera ya kawaida, imeshonwa vibaya upande mmoja. Ningeweza kukuchorea kila uzi wake. Halafu akainua fimbo, akakugusa begani, pigo hafifu ambalo hata mimi nisingeapa kwamba lilifika, na wewe, bila kusita, kwa sauti iliyosikika hadi ziwani, ukasema, "Limefika." Ukapiga goti.

Wakakupigia makofi. Walikuwa wanakushangilia kwa uungwana wako. Na mimi, mama yako, niliibana bendera kwapani ili nami nipige makofi.

Kwenye basi ulikaa na mfuko wako mapajani. Neno lako ulilisema kwa Kiingereza, nami ninaliandika hapa kwa lugha yangu ili lisinikwepe.

"Mama, uliona?"

"Kanuni ni kanuni, Tunu. Hakuna anayesema kwa niaba ya mwili wa mwingine."

"Sijauliza habari za mwili wake. Nimeuliza habari za macho yako."

Nikakuambia upunguze sauti, watu wanatutazama. Hakuna aliyekuwa akitutazama. Kulikuwa na mzee mmoja tu, amelala, kichwa kimeegemea dirisha.

Kesho yake nilipokwenda kutupa taka niliikuta ngao yako kwenye pipa la jengo, imesimamishwa vizuri kando ya maboksi, kama mtu anayengojea kufunguliwa mlango. Niliitoa. Iko nyuma ya makoti yangu kabatini hadi leo. Hilo hukulijua, lakini silo kubwa.

Kubwa ni hili. Jumatano iliyofuata nilikwenda nyumbani kwa Desmond. Nilikwenda na hotuba. Nilikuwa nimeipanga njia nzima, yenye utangulizi, hoja na hitimisho. Ningemnyoa bila maji. Alifungua mlango kabla sijagonga, akaniketisha barazani, akaniletea chai ya tangawizi, kwa sababu anajua ninavyoipenda. Nilikuwa bado sijafungua kinywa.

"Nililisikia, Mama Tunu," alisema. "Lilifika. Lilikuwa pigo safi."

Hotuba yote ikaniyeyukia mdomoni. Nikamuuliza kwa nini.

"Wageni walikuwa wanatazama. Wangeona kiongozi ameangushwa na mwanafunzi, tungewapoteza, na bila wao Udugu huu haufiki miaka miwili. Nakuomba uelewe hali. Likizo ya mwakani atarudi, nitamvika mwenyewe. Lakini lisitoke hapa barazani."

Tunu, alisema maneno yale. Kwa Kiingereza, kwa sauti ya upole, na kikombe mkononi. Nimeyangoja nusu ya umri wangu niyajibu. Katika ndoto nimeyajibu kwa lugha zote ninazozijua. Unataka kujua nilijibu nini nilipoyasikia kwa masikio yangu?

Nilisema, "Naelewa." Nikamaliza chai.

Basi hiyo ndiyo sehemu ambayo hukuijua. Tangu Jumatano ile nina hakika kwa kinywa chake mwenyewe, na nimekuacha uishi humu ndani ukijiuliza kama labda ulikosea, kama labda fimbo iligusa ngao. Nilikusikia ukimuuliza Papa Selestini ngazini, "Papa, labda ilikuwa ngao?" Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Mlango mwembamba, tena. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa upande wa ndani.

Nimejaribu kujiambia kwamba nilimwogopa. Si kweli, sijapata kumwogopa mtu mwenye kikombe cha chai. Nilichokiogopa ni nyasi zile bila mimi. Nilikuwa nimepata watu wasiosema "Sikuwapo," na ili niendelee kuwa nao nikakubali kuwa wa saba baada ya wale sita. Nilikuweka wewe rehani, nikabaki na Udugu. Na kila Jumamosi tangu hapo nimekaa kwenye duara la makosa. Nimekiri kwamba nilimkaripia mzee aliyenimwagia uji. Nimekiri kwamba nilichelewa. Desmond naye amekiri kwamba ana kiburi kidogo kwenye foleni za magari. Tulikuwa tunatazamana juu ya vichwa vya watu waaminifu, tumekuwa kamati ya watu wawili.

Wiki mbili baada ya pigo lile, nilihutubia kwenye ngazi za maktaba ya chuo ninakosoma. Maana mimi bado ni mwanafunzi, mzee kuliko wahadhiri wangu, na walinipa kipaza sauti kwa ajili ya wafagizi waliopunguzwa kazi. Nilipaza sauti, "Makomredi, ukimya ni saini! Anayeona akanyamaza ametia sahihi!" Walishangilia. Wewe ulikuwa umenishikia chupa ya maji. Uliiweka chini kwenye ngazi, taratibu, ukaondoka. Nilifikiri umekwenda msalani.

Nimeandika mpaka hapa nikainuka, nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Huko uendako utakutana na watu wenye kanuni nzuri. Sitakuambia uzitilie shaka kanuni; ile ya kwetu ilikuwa nzuri, bado ni nzuri, na wewe uliitii vizuri kuliko waliokufundisha. Nilichokosea ni kuifanya pazia. Ilinitaka niseme kweli juu ya mwili wangu. Haikupata kunikataza kusema kweli juu ya macho yangu. Hilo lilinichukua miezi mitatu kulielewa, na wewe ulikuwa umeniambia kwenye basi kwa sentensi mbili.

Wala sikuombi umsamehe Desmond. Aliyeliuguza goti langu na aliyekana pigo lako ni mtu mmoja, nami nimeshindwa kuwaketisha wote wawili kwenye kiti kimoja. Siku nyingine nawaka moto hata nashindwa kukata kitunguu. Siku nyingine nakumbuka aljebra. Pengine wewe utaweza. Mimi pia sijiombei. Nakuomba tu usiniamini kwa haraka. Nitakapokupigia simu na kuanza kuhutubia kuhusu ulimwengu, una haki ya kuniuliza, "Mama, umeona nini, na umesema wapi?" Kisha ungoje. Mimi ndiye niliyekufundisha kukatiza. Yeye alikufundisha kungoja, na katika hilo alikuwa mwalimu bora kuliko mimi.

Leo mchana nimepiga simu mbili.

Ya kwanza kwa Desmond. Nilimwambia kwamba Jumamosi nitasema mbele ya duara nilichokiona kwa macho yangu na nilichokisikia kwa masikio yangu barazani kwake, na kwamba ninamwarifu kabla, kwa sababu sitaki kumpiga mtu aliyegeuza mgongo. "Zamu ya kwanza ni yako ukiitaka," nilimwambia. "Usipoitaka, ni yangu." Kisha akasema, "Asante kwa kuniambia," akakata. Sijui atafanya nini. Naona haya kukiri kwamba bado natumaini.

Ya pili kwa Papa Selestini. Nilimweleza yote. Akapumua kama tairi.

"Mama Tunu, watakutosha ule mushipi."

"Wakitaka kunivua, wanivue."

"Na weye ulikuwa unakunywa chai?"

"Nilikuwa nakunywa chai, Papa."

"Ya tangawizi?"

"Ya tangawizi."

"Eeh, mama." Nikayapokea, maana nilistahili. Kisha akasema, "Sikiya. Miye sikuona kitu, niliona mugongo tu. Lakini masikio yangu iko ngapi? Mbili. Ile kofia ililia. Nilisikia, na miye pia nikafunga kinywa. Mutoto akaniuliza ku ngazi, nikamwambia sijui. Jumamosi nitasema ya masikio. Na minakuya na gari, ile ngao haitaingia ku basi."

Ndiyo, nitaibeba ngao yako, ile nyeupe, wala si yangu yenye alama. Nitaiweka katikati ya duara. Kama wataukubali ukweli, itakungoja uichore utakachotaka. Kama watanivua mshipi, nitarudi nayo nyumbani, na bado ni yako. Sifanyi hivi ili urudi kwao, wala ili unirudie mimi. Nafanya kwa sababu ulirudi nyuma hatua moja ukangoja, na hadi leo hakuna aliyekujibu.

Basi nakujibu, mwanangu. Pigo lako kwa Desmond lilifika, nililiona. Na lile ulilonipiga kwenye basi, la macho yangu, nililolikana miezi mitatu: limefika. Limefika, Tunu. Nimepiga goti hapa jikoni kulisema kwanza kwa mdomo kabla sijaliandika, na goti lile la upasuaji limelalamika kama kawaida yake.

Barua hii nitaiweka ndani ya kofia yako ya sufu, juu kabisa ya sanduku. Uisome usiku huu, ukiwa umekwisha kukaa.

Tangazo la mwisho, komredi, kwa wajumbe wote walio karibu na walio mbali. Mkutano ni Jumamosi hii, uwanja wa nyuma ya ziwa, Greenbelt, saa nne kamili asubuhi. Huko kwako Minnesota itakuwa saa tatu.